Nyumba ya Odongo Inauzwa

Jumatatu, 8 Januari 1996

Sare tena kutwa nzima. Shule zimefunguliwa na wazazi wa hapa Sori ndio kwanza wanakumbuka kwamba mtoto ana miguu na miguu hurefuka. Kila mmoja anataka yake kesho asubuhi. Nimekanyaga cherehani mpaka goti limevimba. Kitambaa cha kijani kimeisha, pindo la sketi ya binti yangu Akinyi nimeliunga kwa mabaki. Mtoto wa fundi huvaa viraka, hilo si jambo jipya.

Mchana wanaume wawili wameingia uani na kamba ya kupimia. Bila hodi. Mmoja akapanda juu ya kaburi akasimama kuangalia ziwa, kama vile kaburi ni kichuguu. Nikatoka na mkasi mkononi. Nikauliza wametumwa na nani. Wakasema wamepotea njia. Watu waliopotea hawapimi.

Nimeandika kaburi. Ni kaburi la tunda. Mume wangu Odongo alichukuliwa na maji mwaka wa tisini na mbili, kati ya hapa na Muhuru Bay. Walimtafuta wakarudi na kasia tu. Kwa Wajaluo mtu asiyeonekana haachwi hivi hivi. Wakaenda hadi upande wa Magunga wakaleta yago, lile tunda refu la mwegea, zito kama mtoto mchanga. Wakalifunga shuka, wakalizika hapa uani wakililia kwa jina lake. Opiyo, pacha wake, ndiye aliyelibeba. Mimi ni Mkuria. Sikulia. Nilisema mbele ya watu kwamba siwezi kulilia tunda, na hawajanisamehe mpaka leo.

Mlango naufunga kwa ufunguo tu. Komeo la juu siligusi. Odongo ana ufunguo wake, lakini komeo halifunguki kutoka nje.

Alhamisi, 11 Januari

Sitaki kuandika ya leo. Naandika hata hivyo.

Asubuhi lori limesimama langoni. Mwenye lori ni mfanyabiashara wa samaki kutoka Homa Bay, mtu mnene, mpole, amevua kofia. Anataka kujenga ghala la barafu na vyumba vya kulala wageni. Amekuja kuniuliza, kwa heshima, nitahama lini. Hataki kumsumbua mama.

Nikauliza kuhama kwenda wapi. Nilikuwa na pini mdomoni, nikazitema moja moja mkononi.

Akasema amenunua. Nyumba, uwanja, mpaka majini. Amekubaliana na mume wangu.

Nikauliza mume yupi.

"Odongo. Si ndiye mumeo, mama? Tumekaa na yeye kwa wakili huko Homa Bay, yeye ameweka sahihi, mimi nimeweka yangu. Ni mtu mzuri sana. Haongei mingi."

Nimeketi chini pale pale penye vumbi. Yeye akadhani nimeumwa, akaniitia jirani.

Ijumaa, 12 Januari

Yu hai.

Yu hai, mbwa huyu. Miaka yote hii yu hai, anakula samaki Homa Bay, anaweka sahihi kwa wakili. Mimi huku nashona mpaka macho yanatoka maji, nalipa karo, nalala na mlango nusu wazi kama mjinga. Na siku anayonikumbuka ananikumbuka kwa kuniuzia paa.

Nitamuua kwa mikono yangu.

Yu hai. Nimeshona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nimelifumua nikicheka peke yangu. Akinyi ameniuliza nina nini. Nimemwambia hakuna kitu. Nimeenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, na hasira juu ya ile furaha.

Jumanne, 16 Januari

Homa Bay. Nilivaa gauni la bluu. Analipenda. Andika ukweli, Boke: ulivaa gauni la bluu na ukapaka mafuta miguuni, ukienda kugombana.

Wakili mwenyewe hayupo, yuko mahakamani. Nimemkuta karani wake, kijana wa tai fupi. Nikasema mimi ni mke wa Odongo, natafuta anakokaa mume wangu. Akashangaa mke kutojua anakokaa mume, lakini hakucheka. Akasema hajui. Alikuja na kitambulisho, sura ni yenyewe, hati ya ardhi iko kwa jina lake. Nikamwomba anieleze amekuwaje sasa. Amenenepa? Ana mvi?

Akasema hapana, ni mtu mwembamba, nadhifu. Koti la kijivu. Isipokuwa mfuko mmoja umeshonwa kwa uzi wa kijani, ndiyo sababu amemkumbuka.

Koti hilo nimelishona mimi. Uzi wa kijivu uliniishia kwenye mfuko wa kushoto, nikamalizia na wa sare. Odongo akasema ni pambo. Na koti hilo halikwenda ziwani. Hakuna mtu anayekwenda kuvua na koti. Lilibaki msumarini. Baada ya kulizika lile tunda wazee waligawa nguo zake, na koti likapewa pacha wake. Kitambulisho kilikuwa mfuko wa ndani. Nilikisahau humo.

Opiyo.

Uso mmoja, tumbo moja. Huku hata mtoto mdogo anajua: pacha anayetangulia ni Opiyo, anayefuata ni Odongo. Walipokuwa wadogo mama yao aliwatofautisha kwa kovu la goti. Wakili hafunui goti la mtu.

Nimemshukuru karani. Nimetoka nje nikafuta mafuta miguuni kwa leso. Nilimpata mume kwa siku chache nikampoteza tena, na safari hii hakuna aliyeniletea hata tunda.

Jambo moja nimerudi nalo. Karani amesema mkataba peke yake haujauza kitu. Ardhi ya shamba lazima ipitie Bodi ya Ardhi. Wazee wanakaa na D.O., afisa wa tarafa, muuzaji na mnunuzi wanasimama mbele yao, mke anaulizwa kama amekubali. Bodi ikikataa, mkataba ni karatasi ya kufungia omena, dagaa wetu. Watakaa tarehe ishirini na mbili mwezi ujao.

Jumatano, 17 Januari

Nimemkuta Opiyo kwa mama yao, anakula. Koti liko mgongoni mwa kiti. Hakukana. Hilo ndilo linalonichoma, hakujisumbua hata kukana.

"Nyar Kuria, binti wa Wakuria, si ni wewe ulisema Odongo hajakufa? Ulikataa kulia mbele ya watu. Na ofisi pia inasema hajakufa. Sasa mtu mzima akiuza shamba yake, kosa ni gani?"

Nimegeuka nikatoka. Mimi, ambaye nina jibu kwa kila mtu.

Mara mbili mtu huyu amekuja mlangoni kwangu kutaka kunirithi, akisema ndugu yake amekufa na mila ni mila. Mara mbili nimemrudisha. Kwa kitanda changu Odongo ni marehemu. Kwa sahihi Odongo ni mzima. Opiyo anamuua na kumfufua kulingana na haja ya siku hiyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi hiyo nguo niliishona mwenyewe na kuipiga pasi.

Jumapili, 21 Januari

Mama mkwe amekuja baada ya kanisa. Min Rude, mama wa mapacha, bado wanamwita hivyo. Tangu wiki ya mazishi hajaketi kwangu. Ameketi. Amezungusha kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

"Nyathina, mwanangu, usipeleke Opiyo kwa polisi. Nilizaa wawili siku moja. Nimebaki na huyo tu."

Nikamwuliza kama alijua. Hati ya ardhi ilikaa sandukuni mwake miaka yote. Alijua.

Nina hasira naye kuliko na Opiyo. Opiyo ni mwizi. Yeye ni mama. Chai yake sikuitia sukari na hakuomba.

Jumatano, 24 Januari

Chifu. Nimesubiri kwenye benchi tangu asubuhi mpaka kivuli kikahama. Nimetaka mambo mawili. Aandike kwamba Odongo amekufa ili nipate cheti cha kifo. Akishindwa, aandike kwamba Opiyo ni Opiyo.

La kwanza haliwezekani. Bila maiti hakuna cheti. Mpaka ipite miaka saba, halafu mahakama ndiyo itasema. La pili ni mambo ya familia na yeye haingilii familia za watu.

Chifu huyu alikula nyama ya mazishi yale. Nilimpakulia mimi. Aliomba mfupa wa ziada. Alisimama pale kaburini akasema serikali inaomboleza pamoja nasi. Leo ananiambia serikali haina habari.

Mwaka ule waliponinyima cheti nilifurahi. Nilitoka ofisi hiyo hiyo nikitembea haraka. Kama serikali na makaratasi yake yote haisemi amekufa, mimi ni nani niseme? Nilijifunika neno hilo kama blanketi. Opiyo amelivuta upande wake, na mimi nimebaki uchi.

Nimempigia chifu kelele. Askari wake amenishika mkono kunitoa. Nimemwambia akinishika tena nitamshona vidole.

Jumatatu, 5 Februari

Lori limemwaga mawe ya msingi langoni. Bodi bado haijakaa, yeye ameshaleta mawe. Nimemwambia mwenye lori kila kitu, kwamba aliyeuza si mwenye mali. Akanitazama kwa huruma. "Mama, mumeo ameniambia utasema hivyo. Ati tangu akutoroke akili inakuja na kuenda."

Kwa hiyo mimi pia nimeshauzwa, kama mwendawazimu.

Nimetoa kiti nje, nimepanda juu ya mawe yake na kazi yangu, nimeshona vifungo hapo mpaka jua limezama. Watu wa sokoni walipita wakiniangalia. Wacha waangalie. Mwendawazimu wao anashona vifungo vilivyonyooka.

Jumatano, 21 Februari

Kesho.

Nimepiga pasi gauni. Si la bluu. Najua nitakaloulizwa. Mke anaulizwa, karani alisema. Watauliza mume wako yuko wapi, na jibu la kuiokoa nyumba hii ni maneno mawili. Nimejaribu kuyasema jikoni kwa Kiswahili, lugha niliyoongea naye. Nimejaribu kwa Kikuria, labda ingekuwa rahisi kwa lugha ambayo hakuielewa. Hayatoki. Nina hasira na Opiyo kwa kuniibia nyumba, na nina hasira zaidi kwa sababu ananilazimisha kufanya kwa mdomo wangu kile maji hayakumaliza.

Na wewe Odongo. Ulitoka upepo ukivuma na nilikuambia. Ulicheka.

Alhamisi, 22 Februari

Niandike kwa utaratibu.

Chumba cha mikutano, ofisi ya D.O. Yeye katikati, kijana, si mtu wa huku. Wazee wa bodi pande mbili. Mimi nimekaa nyuma kabisa na leso kichwani, nyuma ya watu wenye kesi zao. Jina likaitwa. Odongo. Opiyo akasimama, na koti lake. Kwa nyuma, mabega yale. Kwa muda nilisahau kuchukia.

D.O. alitaka kumaliza. Kitambulisho sawa, hati sawa, mnunuzi yupo. Mke? Opiyo akasema mke alirudi kwao Ukuria, hajulikani aliko, na mwenye lori aliyeniona juu ya mawe yake akaangalia kofia. D.O. akaitikia kwa kichwa na kuvuta muhuri. Nilitaka kusimama. Yale maneno mawili yakanikalisha. Muhuri uko hewani na mimi bado nimekaa.

Ndipo mzee mmoja wa mwisho upande wa dirisha, aliyekuwa akisinzia, akainua kichwa. Hakuwa na hila. Alisalimia tu kama mtu yeyote wa huku anavyosalimia pacha.

"Odongo. Na Opiyo yuko wapi?"

D.O. hakuelewa. Wengine wote walielewa. Huwezi kuitwa Odongo halafu usiwe na Opiyo. Opiyo alifikiria kitambulisho, koti, sahihi, wakili. Swali ambalo ameulizwa maisha yake yote hakulifikiria, kwa sababu maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa Odongo yuko wapi.

Nilimwona akipima. Akisema yupo, ataambiwa amlete, ndugu atoe ushahidi. Akajikwaa. Kisha akasema.

"Opiyo alikufa. Maji ilimchukua."

Mzee akaacha kusinzia.

"Mlipata mwili?"

"Hapana. Tulizika yago."

"Mlizika wapi?"

Jasho likamtoka. Angeweza kudanganya tena lakini nadhani yago hilo lilimzuia, kwa kuwa alilibeba yeye.

"Hapo nyumbani."

"Hapo unapouza."

Mwanamume amesimama mbele ya wazee wake na amejizika mwenyewe, kwa jina lake, kwa mdomo wake, ndani ya kaburi ambalo si lake. Mzee mwingine akasogeza kiti chake mbali naye. Nilisikia miguu ya kiti.

Nilisimama hapo. Nikasema huyu ndiye Opiyo. Mimi ni Boke, mke wa Odongo, sikurudi Ukuria hata siku moja.

D.O. akaniuliza kama nina cheti cha kifo.

Nikasema sina. Nikasema nilikiomba serikalini, serikali ikaninyima, na sasa serikali hiyo hiyo inaniuliza kiko wapi. Nilisema kwa sauti ambayo ingesikika Muhuru Bay. Chifu alikuwa mlangoni, akaangalia viatu vyake. D.O. hakukasirika. Aliweka muhuri chini.

"Mama, sitauliza cheti. Nakuuliza wewe. Mume wako amekufa ama hajakufa?"

Watu wote waligeuka. Opiyo pia aligeuka. Alinitazama kwa uso ule, uso wa Odongo uliozeeka kidogo jinsi Odongo angezeeka, na nikaona anataka niseme hapana. Nami nilitaka. Mungu wangu, jinsi nilivyotaka.

Nikasema, "Amekufa."

Nikasema tena kwa kuwa hawakusikia. "Odongo amekufa. Yuko nyumbani, tulimzika. Kaburi lake haliuzwi."

Bodi ikakataa. Haikuchukua dakika. Mwenye lori akamshika Opiyo shati akidai chake, wakatoka wakivutana. D.O. akaniuliza kama nataka aite polisi kwa mambo ya kitambulisho. Nilimkumbuka mama mkwe na kikombe chake. Nikasema Opiyo arudishe kitambulisho cha mume wangu, basi. Mengine ni kazi ya D.O., si yangu.

Koti lilibaki kwenye benchi. Hakuna aliyetaka kuligusa. Nimelichukua mimi.

Ijumaa, 23 Februari

Watu wanakuja kunipongeza. Wamekuja na sukari, na unga. Wale wale waliopita wakiniangalia juu ya mawe. Jirani amesema nilikuwa simba. Nimemwambia atoke.

Nimeshinda nini? Nina nyumba na nimekuwa mjane. Jana asubuhi nilikuwa nusu.

Chifu ametuma mtu. Sasa kwa kuwa nimesema mbele ya bodi, atanisaidia, niende Jumatatu. Nitaenda. Sitamsalimu.

Jumanne, 27 Februari

Opiyo hatoki. Yuko kwa mama yake, wanasema hali chakula vizuri. Watu hawampi mkono. Anapopita kwenda kisimani hapiti langoni kwangu, anazunguka nyuma ya ua kwenye miiba. Mama mkwe anatafuta wazee wa kumrudisha kwa walio hai, maana aliyejitaja miongoni mwa wafu haachwi hivyo. Ameuliza kama siku hiyo nitakuwepo. Mke wa Odongo akiwepo itakuwa na nguvu.

Nilitaka kucheka usoni mwake. Nimesema nitafikiria.

Hasira bado ipo. Imekaa tu.

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza alfajiri, ya kulainisha tu. Mwenye lori amekuja kuchukua mawe yake. Ameomba radhi. Mawili matatu yamebaki kwenye matope, hakuyataka.

Nimechukua jembe nikapalilia kaburi. Sijawahi. Lilikuwa na magugu mpaka magotini, na upande mmoja udongo umetitia, nadhani tunda limeoza ndani. Mama mkwe alinikuta hapo. Aliinama akang'oa upande wake. Tulipofika katikati nililia. Nililia kwa sauti, kama walivyonitaka nilie mwaka ule. Aliendelea kung'oa mpaka nikamaliza. Kisha tuliviringisha yale mawe yaliyobaki, tukayaweka upande uliotitia.

Nikampikia chai. Nimetia sukari.

Koti nimelifumua mshono kwa mshono. Kitambaa bado kizuri. Kitatoa sketi ya Akinyi na kitabaki. Uzi wa kijani nimeuzungusha kwenye kibiringo chake.

Jioni nimefunga mlango kwa ufunguo. Kisha nikajaribu komeo la juu. Lilikuwa limeshika kutu, halisogei. Nikaleta mafuta ya cherehani, nikatia matone, nikasubiri, nikasukuma tena.

Likaingia.